Sinki la Mtia Saini

Cyriaque alikuwa amelala chali chini ya sinki, akisukuma waya wa breki ya baiskeli ndani ya bomba, kidole kwa kidole. Ulipogoma aliuzungusha taratibu, kisha akauvuta. Ukatoka na donge la rangi ya chungwa, limeshikamana na magamba ya samaki na unga wa muhogo. Akalipangusa kwenye gazeti.

"Ni mawese," alisema. "Mama, munamwaga humu ikiwa ya moto, na huku Kasulu kuna baridi. Ikifika ndani inalala."

Mama Pelagia, mwenye nyumba, alicheka akiwa ameegemea mlango wa jiko. "Nilipokuwa Ujiji hayakuwa na uvivu huo."

"Ujiji kuna joto, mama."

"Basi yaamshe. Mume wangu amechoka na harufu. Jana kasema akiyakuta maji yamesimama tena, sahani zote atazitupa uani. Na hatanii yule. Si ndiye anayesaini vibali vyenu, ninyi wakimbizi, vya kutoka kambini?"

Waya ulisimama mkononi mwa Cyriaque.

Kibali kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Kiliandikwa: matibabu ya macho, hospitali ya Kabanga, siku moja, mwisho saa kumi na mbili jioni. Macho yake yaliweza kutunga uzi kwenye sindano gizani. Kabanga hakufika. Aliteremka Kasulu mjini, kwa Athuman muuza spea za baiskeli, na Athuman ndiye aliyemwelekeza hapa. Hakumwambia nyumba ni ya nani. Naye Cyriaque hakuwahi kumwona mtia saini. Kambini karatasi ziliingia na kutoka kwa kidirisha.

"Anarudi saa ngapi, mama?"

"Saa kumi. Leo labda mapema."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini. Akafunga kiwiko cha bomba cha plastiki chini ya sinki. Akakaza mara tatu kitu cha kukazwa mara moja. Akamwaga maji ya moto yenye magadi. Bomba likakoroma, maji yakashuka.

"Si hayo yanapita?" alisema Mama Pelagia. "Nenda zako, baba, Mungu akubariki."

Akachukua mfuko wake. Akafika mlangoni, akasimama. Ufundi huu alijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga mabomba ya kambini bila mtu wa kumwonyesha, na kujifunza bila mwalimu kulimfundisha kutoyaamini maji ya mara ya kwanza. Desturi yake ilikuwa kujaza sinki mpaka ukingoni, kuachia, kisha kujaza tena. Leo alitaka kuiruka. Lakini sinki likiziba jioni, mtia saini angemtafuta nani? Angemuuliza Athuman, na Athuman alilijua jina lake.

Akarudi. Akajaza, akaachia. Maji yalikwenda yote. Akajaza mara ya pili. Yalishuka hadi nusu, yakasita. Halafu yakaanza kupanda, polepole, yakileta juu utando wa rangi ya chungwa.

Honi ikalia getini.

Mume wa Mama Pelagia, Bwana Bazilio, alipitia sebuleni kwenye chupa ya chai, akaingia jikoni na kikombe mkononi. Alikuwa mtu mpole wa sauti.

"Nani huyu?"

"Fundi," alisema mkewe.

"Shikamoo, bosi," alisema Cyriaque.

"Marahaba. Lafudhi hiyo naifahamu. Hebu kibali."

Akakisoma chote, mpaka chini. "Saini yangu hii. Macho, Kabanga." Akautazama waya sakafuni. "Siku hizi Kabanga wanatibu macho kwa breki za baiskeli?"

Mama Pelagia alianza kucheka, akaacha.

"Munisamehe, bosi. Naenda sasa hivi."

"Uniachie sinki limejaa? Limeziba wapi?"

"Kwenye chemba, lile shimo la maji machafu huko nje. Bomba walililaza bila mteremko. Lazima kuvunja simenti. Ni kazi ya kutwa." Alishamaliza kusema ndipo alipotambua alichokisema.

Bwana Bazilio alikunja kibali mara mbili, akakitia mfukoni mwake, akafunga kifungo. "Basi kesho. Leo utalala stoo."

"Bosi, kesho saa moja asubuhi kuna uhakiki wa alama za vidole. Mkubwa wa kaya asipoonekana, wanafuta kaya yote kwenye orodha ya kambi. Niko na watoto wanne. Kama ni simenti, nitarudi kuivunja kesho kutwa, bila malipo."

"Unanifundisha uhakiki mimi?"

"Hapana, bosi. Bila hiyo karatasi sivuki kizuizi cha polisi. Ama muniandikie mstari mmoja tu, niwaonyeshe."

"Niandike nini? Kwamba mgonjwa wangu wa macho nilikuwa naye nyumbani, ananizibulia sinki?" Akanywa chai. "Mpigie mkeo. Mwambie umelazwa."

Akasimama palepale kusikiliza. Cyriaque akapiga, akasema amelazwa Kabanga.

"Wamekulaza?" aliuliza mkewe, Nsimire. "Kwa macho tu?"

"Ndiyo."

"Basi leta karatasi ya daktari. Kiongozi wa zoni amepita, anasema bila karatasi hawasikilize mutu." Akashusha sauti. "Cyriaque, uko wapi kweli?"

"Mtandao mbaya," alisema Cyriaque, akakata.

Bwana Bazilio aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na jibu la mwanafunzi.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Cyriaque aliomba nyundo aanze mara moja. Akifanya upesi, huenda bosi akaridhika kabla ya jua kuzama. Bwana Bazilio akasema kelele zingemsumbua. Achore tu njia ya bomba leo, avunje kesho.

Mama Pelagia alimletea kipande cha mkaa, bila kumtazama usoni. Cyriaque akatoka uani. Aligonga simenti kwa kisigino, akasikiliza, akachora. Hatua moja, akagonga tena. Chini palijibu kwa sauti nzito ya maji yaliyotuama. Mstari mweusi ulitoka ukutani, ukapita mbele ya stoo, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari la ofisi lililomleta bosi. Akainama, akachungulia. Mfuniko wa chemba ulikuwa chini ya injini.

"Bosi, tungesogeza gari nione ndani. Labda ni kitu kidogo."

"Dereva ameshaondoka na funguo," ilisema sauti ya Bwana Bazilio dirishani. "Anakuja saa tatu asubuhi."

Uhakiki ulikuwa saa moja. Cyriaque alipiga magoti kando ya tairi. Akapitisha mkono chini ya gari, mkaa ukiwa kwenye ncha za vidole, akauendeleza mstari mpaka mkono ulipokoma.