Kipande cha Nyiramana

Mwaka 1954, daktari wa hospitali moja ya Masisi alimkata Nyiramana kipande cha nyama kifuani, penye uvimbe. Akakitia kwenye chupa ya dawa, kipelekwe mbali kikachunguzwe kwa hadubini. Hayo yote alimweleza mumewe, Straton. Nyiramana alikuwa amelala hapo hapo, macho wazi.

Majibu yalipofika, aliitwa Straton peke yake. Alitoka akizungusha kofia mikononi.

"Daktari anasema uko muzima," alimwambia mkewe.

Jumamosi, kipande kilirudi chenyewe kijijini kwao, Kibabi. Kilipanda lori la kabeji pale Sake, dereva akakikalisha mbele kisije kikapondwa. Nyiramana, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, alikifuta vumbi akakipa kigoda.

"Mama, niko kansere," kilisema. "Kule waliniangalia sana. Wakasema wakukate titi mbio, utapona. Papa Straton anajua."

Straton alitoka ndani, hakubisha. "Daktari aliniuliza kama nakubali, nikakataa. Muke wa titi moja, watu watasema nini?"

Nyiramana alisukuma maharagwe kando. "Waseme! Mimi nataka kuwa muzima niwasikie."

Jumatatu alifika hospitali, kipande kimefungwa kwenye pindo la kitenge. Daktari alikikagua, akakubali kuwa ndicho.

"Bwana yako iko wapi?" aliuliza.

Nyiramana alimpita. Alipanda kitanda cha kupasulia, akashika vyuma vyake kwa mikono miwili. Masista wauguzi walimvuta, kitanda kikaja naye. Mwishowe daktari alichoka, akanawa mikono, akamkata titi. Kwenye karatasi aliandika kwamba mume amekubali.

Siku ya kutolewa nyuzi, Nyiramana alimkuta Verdiane wa Kirolirwe kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, kifua kimefungwa bandeji. Mumewe alikuwa ndani na daktari.

"Wanasema nini, dada?"

"Sijui. Nangoja wamalize."

Nyiramana aligonga mlango. Daktari aliufungua kidogo, akamtazama, akaufunga kwa ufunguo. Basi Nyiramana akaanza kuupiga kwa kiganja. Verdiane naye akasimama, akapiga. Kipande kikajifungua kwenye kitenge, kikapaza sauti kuliko wote wawili:

"Mwenye titi iko huku inje!"

Ndani, wanaume wawili waliendelea kuongea.