Tangazo la Rozela Kwenye Mlango wa Jiko

1.

IDARA YA UTAFITI WA MOYO NA MISHIPA
TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE WA JIKO

Inatangazwa kwamba lehemu, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, hupata kutu kama msumari ulioachwa mvuani. Lehemu yenye kutu hung'ang'ania kuta za mishipa na kuiziba, na moyo hukosa damu. Utafiti umebaini kuwa maua ya rozela huzuia kutu hiyo. Kwa hiyo, atakayekunywa vikombe vitatu vya rozela kwa siku hatahitaji dawa nyingine yoyote ya moyo.

Jiko litachemsha rozela kila siku. Wanafunzi nao wapewe, yenye sukari, bila ubaguzi.

(Sahihi) Dkt. Msambaza-Afya
(Muhuri)

2.

Dkt. Msambaza-Afya ni mimi. Nehemia Kiswaga, Kidato cha Tatu B, kitanda cha juu, karibu na dirisha lisilofunga.

Tulikuwa tumechoka kunywa uji usio na sukari. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya kitaaluma.

2 (tena).

Kuhusu muhuri. Msomaji uliyesoma shule ya kutwa, sikiliza. Kila bweni lina fundi wa mihuri. Unachukua kiazi mviringo, unakikata katikati kwa wembe, unachonga maandishi kinyumenyume, unapaka wino wa kalamu. Ruhusa ya kwenda mjini, cheti cha zahanati, barua ya mzazi, vyote hupita hapo. Kwetu fundi ni Ponsiano. Kiazi chake hudumu siku mbili, kisha tunakichoma na kukila.

3.

Kazi zangu nyingine zilizotangulia:

Nilitangaza kwamba Mkuu wa Wilaya anakuja. Shule nzima ilifagia hadi nyuma ya vyoo. Mzee Luvanda, mpishi wetu, alipika pilau.

Nilipiga kengele ya kuamka dakika arobaini kabla ya wakati.

Nilimwandikia barua mwalimu wa nidhamu, ikimpongeza kwa kustaafu.

Hakuna aliyeumia.

5.

(Namba nne ilikuwa ya kujitetea. Nimeifuta.)

Daftari langu la kemia, kipindi cha Mwalimu Chaula, neno kwa neno:

"Oksijeni inaharibu lehemu. Kwenye matunda na maua kuna vitu vinavyozuia uharibifu huo. Kwenye chupa ya maabara vilifanya kazi vizuri sana. Watafiti wakafurahi. Lakini walipowapa watu wenye ugonjwa wa moyo vidonge vya vitu hivyo, miaka mingi, watu maelfu"

Baada ya hapo kuna mchoro wa Mwalimu Chaula akiwa na mkia.

Nimekwenda kumwuliza sentensi ilivyoisha. Alinitazama kwanza, kuona kama ni utani.

"Haikuwasaidia," alisema. "Walikufa kama wale ambao hawakupewa. Nililisema mara mbili, Kiswaga."

6.

Jikoni, siku ambayo tangazo lilibandikwa. Mzee Luvanda alilisoma akifuata kila mstari kwa mwiko.

"Nehe, njoo hapa. Wewe unasoma sayansi. Jambo hili ni la kweli?"

Ponsiano alikuwa nyuma yangu, amejiziba mdomo kwa sahani.

Nikasimama wima kama mgeni rasmi. "Mzee, lina muhuri."

"Nimeuona." Akatoa karatasi ya vidonge kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa akivimeza tangu moyo ulipomwangusha mwaka juzi. "Hivi vinaniumiza misuli mpaka nashindwa kuinua sufuria. Basi naachana navyo. Mungu awabariki hao madaktari."

Ningeweza kusema. Sufuria ilikuwa bado haijachemka, mlango ulikuwa wazi, tulikuwa watatu tu.

Nilicheka.

Yeye akacheka pia, akidhani nimefurahi kwa ajili yake.

7.

Wiki sita za rozela. Nyekundu, tamu, ya moto asubuhi na baridi mchana. Bweni zima liliniita Dokta. Mzee Luvanda alikunywa vikombe vyake vitatu mbele yetu, akahesabu kwa sauti ili tushuhudie.

8.

Jumatano, baada ya uji, kabla ya paredi.

Mwiko ulianguka kwanza.

9.

Kutoka kwenye faili la wodi ya wanaume, kama alivyonisomea baadaye binti wa Mzee Luvanda:

Mgonjwa: mwanaume, miaka 58. Shambulio la moyo, la pili. Aliacha dawa zote wiki sita zilizopita. Hali: si nzuri. Anakataa vidonge. Sababu aliyotoa: utafiti.

10.

Yaliyosikika dirishani kwa Mkuu wa Shule. (Nilikuwa nang'oa magugu chini yake, adhabu ya kosa jingine.)

"Namtafuta Dokta Msambaza-Afya," alisema Tumsifu, binti wa Mzee Luvanda.

"Dada, hapa hatuna daktari wa jina hilo."

"Tangazo lilibandikwa jikoni kwenu, Mwalimu. Baba anasema hamezi kitu mpaka huyo daktari amwambie kwa mdomo wake. Anasema alianguka kwa sababu Jumanne alikunywa vikombe viwili badala ya vitatu."

Nilisikia Mkuu akiweka kalamu mezani.

"Viwili, Mwalimu. Anajilaumu."

11.

TANGAZO. Mwanafunzi aliyebandika waraka wa uongo jikoni ajisalimishe. Atakayebainika atafukuzwa shule bila majadiliano.

Lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko langu.

12.

Ponsiano: "Usiende hospitali, bwana. Mtihani wa taifa mwakani. Tumwandikie Mzee barua tu."

Mimi: "Nyingine?"

13.

Jumamosi, saa nane mchana, muda wa kutazama wagonjwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nehe! Umekuja kunitania mpaka huku?"

Nikamwambia. Daktari hayupo. Utafiti haupo. Ni mimi.

Alicheka hadi Tumsifu akamshika mabega. Akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili. "Baba Rehema, sikia! Huyu ndiye Mkuu wa Wilaya wangu, nilimpikia pilau. Leo amekuwa daktari wa moyo. Nehe, kemia ulipata ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne! Kwa mia!" Wodi ikacheka. "Nani kakutuma? Tumsifu?"

Tumsifu hakucheka. Alivuta kiti, akakiweka kati yangu na mlango.

"Kaa," alisema. "Hutoki mpaka akuamini."

14.

Nikarudia.

Nikarudia bila kutabasamu, na hata hilo lilimchekesha.

Nikarudia.

Muuguzi alileta vidonge vinne kwenye kikombe kidogo cha plastiki, akasubiri.

Mara ya tano nililia, na Mzee Luvanda akaacha kucheka. Alinitazama muda mrefu, kama anayeonja chumvi.

"Kwa hiyo wiki sita zote ulikuwa unaniona."

"Ndiyo, Mzee."

"Nahesabu."

"Ndiyo."

"Na unajua."

Akageuka, taratibu, kwa mkono ule usio na sindano, akalala akiutazama ukuta. Mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka. Muuguzi akasema, "Mzee wangu, vidonge," akasogeza kikombe karibu na bega lake. Tumsifu akasema, "Baba."

Sasa ananiamini, naruhusiwa kutoka, na vidonge vyote vinne bado vimo kwenye kikombe.