Mwenye Gari Ameshakubali

Taa ile iliwaka Khairunnisa akitokea Tingi na magunia ya sufi, kabla hajafika njia panda ya Nangurukuru. Ilikuwa pembetatu nyekundu yenye alama ya mshangao katikati, na chini yake maneno ya Kijapani ambayo hakuna mtu wa Kilwa aliyewahi kuyasoma. Gari halikulia wala halikutikisika. Ni gari la haibridi, linatumia petroli na betri kwa zamu, na likiwa kwenye betri huenda kimya kiasi kwamba kuku wa Singino wameshagongwa nalo wakiwa katikati ya mawazo yao. Khairunnisa alipunguza mwendo, akamtazama mumewe aliyekaa kiti cha mbele kushoto. Mumewe akaitazama taa, akaitikia kwa kichwa.

Mumewe, Mohammedraza, alikuwa amefariki tangu mwezi wa Shaabani. Alirudi siku ile mkewe alipotoka eda: alifungua mlango wa gari, akaketi, akasubiri wende. Enzi za uhai wake alikuwa akiendesha yeye, lakini leseni yake ilikwisha muda yuko kaburini, na askari wa barabarani hawana mchezo, kwa hiyo sasa aliendesha mke. Usumbufu wake ulikuwa mkanda tu. Asipofungwa mkanda gari lilipiga kelele njia nzima, maana kiti kinahisi uzito, na marehemu hakupungua hata kilo. Basi kila safari Khairunnisa alimfunga yeye kwanza, kisha akajifunga mwenyewe. Watu wa Masoko walimsalimia dirishani, wakampa pole ya kufariki, wakauliza bei ya magodoro.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa magodoro na mito ya sufi. Wapo wanaolalia sponji, sawa, kila mtu na mgongo wake, lakini bibi harusi wa watu wanaojiheshimu hapelekwi kwa mume bila mito ya sufi, na mito ya sufi katika Kilwa yote ilitoka mkononi mwa Khairunnisa. Sufi yenyewe aliinunua Tingi kwa Brigita, mkulima mjane mwenye misufi nyuma ya nyumba yake. Bila gari hakuna sufi, na bila sufi hakuna kazi. Na msimu wa harusi ulikuwa umeshabisha hodi.

Sasa, sufi ni kitu kisicho na adabu. Inaingia puani, inaingia kwenye pilau, inaingia mahali ambapo hata mchanga umeshindwa. Pembeni ya kiti cha nyuma cha gari lile pana kitundu chenye vipande vya plastiki, hapo ndipo betri kubwa inapovutia hewa. Mohammedraza alipokuwa hai alikuwa akiyaegemeza magunia palepale, na mkewe alikuwa akimwambia kila mara: baba Rukhsar, usizibe hapo. Yeye alikuwa akiitikia kwa kichwa, na safari ya pili anaziba. Alipokufa, gari lilikuwa na mzigo wa magunia. Mashemeji wakasema mali ya marehemu isiguswe mpaka mjane atoke eda, ndivyo heshima inavyotaka. Wakalifunika gari kwa shuka nyeupe pamoja na magunia yake ndani, likakaa eda ileile, miezi minne na siku kumi. Siku liliposhushwa mzigo, ndani lilikuwa limeota manyoya kama kifaranga.

Kwa hiyo taa ilipowaka, Khairunnisa alijua inasema nini. Alikata kona Nangurukuru, akaingia kwa fundi Valentini, kijana mpole, mwenye kompyuta ya kupimia magari aliyoinunua Dar kwa jasho lake.

Valentini alipitia dirisha la kushoto.

"Shikamoo mzee."

Mohammedraza aliitikia kwa kichwa. Valentini alichomeka waya chini ya usukani, akasubiri kompyuta ifikiri, akarudi dirisha lilelile. Alimweleza marehemu kwa utaratibu kwamba betri kubwa imekwisha, haina matengenezo, dawa ni kuagiza nyingine. Akataja bei. Kwa bei hiyo mtu anapata pikipiki mpya na mafuta ya kuzungukia wilaya nzima akijionyesha.

Khairunnisa alisema betri haijaisha, inakosa hewa. Alimwomba afungue kile kitundu pembeni ya kiti cha nyuma, kimejaa sufi, ni kazi ya bisibisi na mswaki. Valentini alimsikiliza mpaka mwisho, maana alilelewa vizuri. Kisha akamwambia mama, haya mambo ya umeme yana wenyewe, ukifungua ovyo utavunja vishikizo. Akainama tena kwenye dirisha.

"Mzee, tuagize?"

Mohammedraza akaitikia kwa kichwa.

Khairunnisa aliishi na kichwa kile tangu usichana wake. Alikijua. Kiliitikia wauza mikeka, kiliitikia mahubiri, kiliitikia habari za mpira, na ndani yake hakuna kilichobaki. Mohammedraza alikuwa mtu mwema, hakumnyanyasa mtu, ila hakuwahi kumsikiliza mtu pia. Alikuwa akimpenda, na pale gereji alimpenda bado, na alitamani kumpiga kofi. Hakumpiga. Marehemu hapigwi.

Kesho yake alimwacha mumewe kwenye kiti cha kibarazani, akapanda Noah ya abiria peke yake kwenda Nangurukuru kuizuia ile betri isiagizwe. Valentini alimpa heshima zake zote, kisha akauliza mzee yuko wapi. Khairunnisa alimwonyesha kadi ya gari. Jina lililoandikwa lilikuwa lake. Tangu mwanzo lilikuwa lake, gari lilinunuliwa kwa mito. Valentini aliisoma, akaisifu ni safi, haijakunjwa, akamrudishia.

"Mama Rukhsar, nisikufiche," alisema. "Mwenye gari ameshakubali. Mimi nikienda kinyume, kesho atanionaje?"

Hapo ukiendelea kusema ni kumpigia mbuzi gitaa. Gari lilikuwa limeshafunguliwa tumbo, magunia yanangoja Tingi, na mama mzazi wa bibi harusi wa Masoko alikuwa akipiga simu asubuhi na jioni. Khairunnisa alikwenda Lindi kwa sonara na bangili za dhahabu alizovishwa na mama yake siku ya ndoa yake. Hazikuwa zimevuka kiganja tangu siku hiyo, kwa hiyo sonara alizitoa kwa sabuni. Njiani kurudi alilia, kimyakimya, upande wa dirishani, na hakujisingizia mafua. Zilikuwa kitu pekee cha mama yake alichobaki nacho.

Betri mpya ikaja, ikafungwa, taa ikazimika. Walipofika Singino ikawaka tena, nyekundu vilevile.

Khairunnisa hakurudi gereji. Alinunua bisibisi kwenye duka la vifaa, akaliingiza gari uani, akafungua kile kitundu. Kishikizo kimoja kikavunjika, kweli. Alichomoa sufi ya kutosha kujaza mto wa mtoto mchanga, akasugua kwa mswaki, akafunga, akawasha. Taa ikazimika isirudi. Mumewe alikuwa amekaa mahali pake muda wote huo. Khairunnisa alimwonyesha ile sufi, akamwambia tazama, tazama ilipokwenda dhahabu ya mama yangu. Akaitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata walipopita Nangurukuru, Valentini aliwakimbilia dirisha la kushoto kumpongeza mzee: si nilikwambia ni betri? Khairunnisa alikanyaga mafuta, na gari, kwa kuwa lilikuwa kwenye betri, likaondoka bila hata kuonyesha hasira yake.

Brigita ndiye wa kwanza kuja kuazima. Alikuja kutoka Tingi na gunia moja la sufi kichwani, akalitua, akapumua, akaeleza. Shemeji zake walitaka shamba lenye misufi. Alikwenda ofisi ya kijiji, wakamwambia njoo na mwanaume. Mumewe Nikodemo naye alikuwa ameshatangulia, na hakuwa mtu wa kutoka hata alipokuwa mzima, hivyo yeye kurudi ilikuwa haitegemewi.

Khairunnisa alifikiri. Akasema lakini huyu wangu ni Mwislamu, tena Mhindi, nani atakubali kwamba ni mumeo?

"Hawakusema mume," Brigita alisema. "Walisema mwanaume."

Basi Khairunnisa akamfunga marehemu mkanda, akampa Brigita onyo moja tu: huyu huitikia lolote, kwa hiyo usikubali aulizwe na mwingine kwanza. Ukiingia tu mlangoni, uliza wewe. Brigita aliuliza yeye kwanza, mbele ya mwenyekiti na shemeji zake, kama shamba ni lake. Mohammedraza aliitikia kwa kichwa, na mwenyekiti akasema sasa tunaelewana. Siku hiyo Khairunnisa alifurahi, alifurahi sana, na usiku furaha ikamwishia alipokumbuka kwamba angeuliza yeye kwanza pale gereji, bangili zingekuwa mkononi mwake.

Kufa kufaana, walisema wahenga. Habari haikulala Tingi. Kidawa alimchukua kwenda kufuata mkopo wa kikundi, Getrude alimpeleka kwa mwenye nyumba aliyekataa kuziba paa, na kila aliyemrudisha alimrudisha salama, amefutwa vumbi, na kikapu cha maembe au samaki. Wanaume wa maofisini walimzoea. Wengine walimwekea kiti chake. Wale wanawake hakuna aliyeulizwa jina.

Ikatokea asubuhi moja ikawaka taa nyingine, ndogo, ya njano. Hiyo ni ya oili, haina siri. Khairunnisa aliendesha peke yake mpaka Nangurukuru, mkanda wa kushoto ukining'inia.

Valentini alimwamkia, akachungulia kiti cha mbele.

"Mzee hajaja?"

"Ameazimwa Kiswere, kwa Nasma. Mimi nimekuja kumwaga oili, baba."

Valentini alisema haina shida, ni kazi ndogo sana hiyo. Akaleta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa kitambaa safi, akakiweka kivulini. Hakika alikuwa kijana mwenye adabu.

"Keti, mama," alisema. "Tumsubiri tu aje aseme mwenyewe."

Khairunnisa alisimama kidogo, akajishika viwiko vya mikono yake mitupu. Kisha akaketi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na gari la Kiswere hufika magharibi.