Maiki Isiyo Mmbea

Mwaka uliotangulia, mwalimu wa muziki alirekodi tamasha la shule kwa simu yake, na kilichosikika ni feni. Watoto waliimba hadi mishipa ya shingo ikawatoka, binti wa nesi mmoja akaghani shairi bila kukosea mstari, lakini ndani ya simu mlikuwa na feni, viti vikikwaruza sakafu na baba mmoja akikohoa. Hata hivyo aliituma rekodi hiyo kwa nesi, aliyekuwa zamu siku ile. Nesi akajibu, "Asante sana mwalimu, nimemsikia mwanangu." Mwalimu aliona haya, maana alijua hakuna cha kusikika.

Mwaka huu wazazi wakachanga kidogo kidogo ili inunuliwe maiki. Mwalimu mkuu alimkabidhi mwalimu wa muziki mchango kwa onyo: "Ulete kitu cha kudumu. Watoto wetu unawajua, hata jiwe wanavunja."

Dukani akaoneshwa ya plastiki, bei ya kutupa, na nyingine ya kung'aa ambayo bei yake ilimkausha mate. Akatoka mikono mitupu, akaenda kwa fundi wa redio, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, ila usikalie hiyo bisibisi."

Mwalimu akaeleza shida yake. Mama Redio hakumwonesha kitu. Alianza kuuliza: ukumbi una ukubwa gani, wanaimba wangapi, feni iko upande gani?

"Feni inahusu nini, mama?"

"Si ndiyo iliyoimba mwaka jana?"

Akafunga kibanda chake mchana kweupe, akatia maiki tatu kikapuni, wakaongozana hadi shuleni. Wanakwaya wakaitwa, maiki zikachomekwa kwenye spika ya ukumbini moja baada ya nyingine. Ya kwanza, ya plastiki, ilipiga mluzi hadi watu wakaziba masikio. "Rahisi huvunja upishi," fundi akasema, akairudisha kikapuni.

Ya pili, nyembamba na ya kupendeza, ilinasa kwaya, ikanasa feni, ikanasa na wapishi wa shule wakibishana jikoni juu ya chumvi. Watoto wakavunjika mbavu.

"Hii mmbea," alisema Mama Redio. "Studio ingefaa, kule kimya. Hapa itakuletea habari za mtaa mzima."

Ya tatu ilikuwa ya chuma, imetumika, rangi imechubuka. "Hii humsikiliza aliye mbele yake. Ukiwa mgongoni kwake, haina habari nawe." Kisha akaiachia makusudi. Ikagonga sakafu, na moyo wa mwalimu ukaruka nayo. Mama akaiokota, akaipuliza vumbi, akaichomeka. Kwaya ikaimba, ikasikika safi bila feni.

Akamwelekeza aiweke kwenye stendi, hatua mbili mbele ya kwaya, iipe feni mgongo. Na anayeghani peke yake asogee hadi ibaki shibiri moja. Mchango ulitosha maiki, stendi na waya mrefu wa kuiunganisha na simu. Mwalimu alipouliza ujira wa kufunga kibanda na kuja shuleni, mama alikwisha kunyanyua kikapu na kushika njia.

Siku ya tamasha nesi alikuwa zamu tena. Mwalimu akamtumia rekodi jioni ileile. Kesho yake asubuhi nesi akaja shuleni na sare yake, macho mekundu kwa kukesha.

"Mwalimu, nikuombe radhi. Mwaka jana nilikudanganya. Sikusikia neno, ila ulijisumbua kwa ajili yangu, ningekwambiaje?" Akacheka huku akijifuta machozi. "Jana nimesikia hadi anavyovuta pumzi kabla ya kuanza. Tumesikiliza wodi nzima. Mgonjwa mmoja kaniomba nirudie mara nne."

Mwalimu akasema, "Shukrani hizo si zangu peke yangu. Twende."

Walimkuta Mama Redio ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo. Nesi akaushika mkono wake wenye madoa meusi ya lehemu, akaushika kwa mikono miwili, akamshukuru. Mama alibabaika, akatafuta miwani iliyokuwa usoni pake.

"Watu huja hapa na vilivyoharibika tu," alisema taratibu. "Kurudi kuniambia kitu kinafanya kazi, hata siwakumbuki waliowahi."

Akazima redio zote mbili zilizokuwa zikijaribiwa, akapangusa benchi kwa kanga yake, akawakaribisha. Nesi akaiweka simu mezani katikati ya nyaya, na sauti ya binti yake ikaanza.