Kamera Inayokatika Saa Kumi

Mimi nina hasira za karibu, na wa kwanza kukwambia hivyo atakuwa mama yangu mzazi. Kwa hiyo Bosi aliponipigia mara ya tatu ndani ya wiki moja kusema kamera imekatika tena, nilimjibu vibaya. Nilimwambia kamera haina miguu. Kama imeondoka, kuna mtu kaiondoa.

Bosi si bosi wangu. Jina hilo nilimbandika mwenyewe kwa jinsi anavyoamrisha kwenye simu. Anafanya kazi mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, na ni mtoto wa pekee wa mama mmoja mjane ninayemhudumia. Baba yake alifariki miezi minane iliyopita. Wiki iliyopita mama akasahau sufuria jikoni mpaka jirani akaona moshi dirishani, na Bosi akaniita nifunge kamera. Niliiweka sebuleni, juu ya kabati la vyombo, ikitazama meza na mlango wa mbele. Kazi safi. Mimi ni fundi mwanamke, na katika kazi hii mwanamke akikosea mara moja wanasema si ndiyo hayo, kwa hiyo sikosei.

"Dada fundi, nisikilize," Bosi alisema, safari hii bila kuamrisha. "Kila siku saa kumi kamili ya jioni inakufa. Saa kumi na mbili inafufuka. Masaa yote mawili sijui kama mama ni mzima au yuko chini sakafuni. Ijumaa nakuja. Nikikuta hali ni hii hii, nafunga nyumba naondoka naye."

"Na yeye anataka kuondoka?"

"Hataki hata kusikia. Ndiyo maana nakubembeleza."

Hapo nikapoa. Nilibeba mkoba wangu, na Jumatano saa tisa alasiri nilikuwa mlangoni kwa mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena kumwangalia mgonjwa wako?" Alicheka, akainua kidevu kuelekea kamera. "Mwambie huyo mwenzio asinichungulie kama kuku anayetaga."

Ni mama mfupi, mwepesi, masikio yamepungua nguvu kidogo, kwa hiyo unapaza sauti. Nyumba yake inang'aa. Kumwondoa mtu kama huyu kwenye nyumba yake na kumpandisha fleti ya mwanae, ghorofa ya tano, ni bora umwambie moja kwa moja kwamba humpendi.

Nilikuwa nimeshafanya yote. Siku ya kwanza nilibadilisha adapta. Siku ya pili niliitoa ruta, kile kisanduku cha mtandao, chini ya meza ya chumbani nikaipandisha kwenye rafu, nikabadilisha masafa kwa sababu majirani wote wamejazana kwenye yale yale, nikafuta mtandao kwenye kamera na kuingiza neno la siri upya. Mtandao ulikuwa na nguvu, taa ya kamera ya buluu, picha safi. Kilichobaki kilikuwa kukaa chini na kuisubiri hiyo saa kumi.

Ilipokaribia, mama aliinuka. Aliweka vikombe viwili mezani. Akaenda chumbani, akarudi na ndala za kiume, akazipanga karibu na mlango, ncha zikielekea ndani.

"Mama, una mgeni?"

"Mgeni gani? Kaa tu, mwanangu, usijisumbue."

Saa kumi kamili simu yake ikalia mfukoni, mlio mfupi, ting. Niliinua macho. Taa ya kamera ilikuwa imegeuka nyekundu. Mama alikwenda mlangoni, akaufungua wote, akasogea pembeni kama unavyompisha mtu mwenye mzigo.

"Pole na kazi," alisema. "Leo umechoka wewe, naona." Akafunga mlango taratibu.

Jamani. Mimi nimepanda mapaa, nimeshika waya zenye moto, nimekimbizwa na mbwa wa watu, lakini nywele zilinisimama mpaka nikashika kichwa. Sikuona mtu. Niliona kijia, geti, na kuku wa jirani, basi.

"Mama," nilisema, "unaongea na nani?"

Alinipa simu yake niisome. Kwenye kioo paliandikwa: *Mzee ameunganishwa.*

"Aliiweka mwanangu," alisema. "Baba yake akirudi kazini alikuwa anagonga, mimi niko jikoni sisikii, anasimama nje hata robo saa. Basi ikawa simu yake ikifika getini inashika mtandao wa humu, yangu inalia, namfungulia. Miaka minne tumeishi hivyo." Akaichukua simu yake. "Mimi si mwendawazimu, mwanangu. Najua nilimzika. Lakini inalia. Sasa inalia, nikae tu?"

Nilifanya ninachokijua. Nilifungua orodha ya vifaa kwenye ruta. Mtandao wa nyumbani ni kama mtaa: kila kifaa kina namba ya nyumba yake, na vifaa viwili vikipewa namba moja vinagombana mpaka kimoja kitoke. Simu ya Mzee ilikuwa imetengewa namba ishirini tangu zamani. Na kamera zangu zote, kwenye kila nyumba ninayoingia, huwa nazipa namba ishirini. Mazoea. Hata siangalii kama kuna mtu. Niliipa kamera nyumba ya Mzee, na kila jioni Mzee akirudi anaifukuza.

Loo, aibu niliyoiona! Wiki nzima nalaumu majirani, kumbe kosa ni la kwangu.

"Na hiyo simu yenyewe iko wapi?" niliuliza.

Alinipeleka chumbani. Kabatini lilitundikwa koti la kazi, na waya wa chaja uliingia kwenye mfuko wake. "Hakupenda simu yake iishe chaji," alisema mama. "Naichomeka tu. Kuishika siishiki."

Niliitoa. Mzee alikuwa akifanya kazi ghala la mafuta, mahali ambapo simu ni marufuku kuwaka, kwa hiyo aliipanga ijiwashe yenyewe saa tisa na nusu, kazi zikiisha, na kujizima saa kumi na mbili, maana baada ya hapo, mama aliniambia, hakutaka kutafutwa na mtu. Nilicheka peke yangu kwa afueni. Kumbe ni saa tu! Simu ya marehemu inajiwasha kwa saa, mimi nimetokwa jasho la bure.

Halafu nikarudi kwenye kumbukumbu za ruta, na kicheko kikanikauka. Simu inawaka saa tisa na nusu. Iko hatua chache tu kutoka kwenye ruta, chumba hicho hicho. Simu ikiwaka inashika mtandao ndani ya sekunde chache. Hii ilikuwa imeshika saa kumi kamili, jana, juzi, na kila siku kwa miezi minane.

"Inakaa nusu saa nzima inafanya nini?" nilisema, zaidi kwa nafsi yangu.

"Si anatembea," alisema mama, kama anayenionyesha chumvi inapokaa. "Kutoka ghalani mpaka hapa ni nusu saa."

Nilijiambia simu ni kuukuu, ni nzito. Sikujiamini hata kidogo. Nilitaka kumaliza nitoke. Nikafungua mipangilio ya kamera nibadilishe namba.

"Ukishaitengeneza," mama aliuliza, "hiyo saa kumi itakuwa inaona?"

"Itaona, Mama. Haitakatika tena."

Alikaa kitandani. "Basi usiitengeneze."

"Mama, isipofanya kazi mwanao anakuondoa. Ijumaa anakuja."

"Na ikifanya kazi, si ataniona?"

Nilielewa vizuri sana. Siwezi kudanganya kwamba sikuelewa. Lakini kichwa changu kigumu, na nilikuwa nimeshaliona kosa, na mimi nikishaliona kosa siwezi kuliacha likae. "Basi saa kumi usiende mlangoni," nilimwambia. "Ni dakika moja tu, Mama. Jikaze."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nimwache nje?"

Niliipa kamera namba thelathini na tano. Taa ikawa ya buluu, nikaaga, nikaondoka haraka. Ningeweza kuigeuza itazame jikoni, ambako ndiko hatari ilikokuwa. Wazo dogo kama hilo! Lilinijia siku ya tatu, nikiwa naoga, na wakati huo halikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Alhamisi, saa kumi na dakika tano, Bosi alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Dada fundi. Mama anamfungulia nani mlango?"

Nilimweleza kila kitu: simu, koti, namba. Nusu saa sikuitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Amepanga ndala za baba, dada. Amempa pole." Kisha akakata.

Ijumaa alifika, Jumamosi asubuhi alikuwa anapakia mabegi kwenye teksi; koti na simu ya Mzee mama alikataa visiguswe, vikabaki kabatini. Nilikwenda kuaga, sijui kwa uso gani. Bosi macho yalikuwa mekundu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameogopa. Mama hakunikasirikia. Heri angenikasirikia. Alinishika mkono, akanitia ufunguo kiganjani mwanae akiwa amegeuka.

"Ile kamera ikikatika ilikuwa inanisitiri," alisema. "Wewe umeona vema kuitengeneza. Basi wewe ndiye utakayemfungulia."

Nilicheka, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Yeye hakucheka.

Kazi ikiisha, fundi anatakiwa kujiondoa kwenye mtandao wa mteja. Sikujiondoa. Jumatatu nilikuwa juu ya ngazi, nafunga kamera kwenye duka la viatu, simu yangu ikalia ting. *Mzee ameunganishwa.* Niliteremka, nikafungua picha. Sebule tupu. Viti vimefunikwa mashuka. Mlango umefungwa. Nilimwambia mwenye duka nina kizunguzungu, na haikuwa uongo.

Jumanne, ting. Nikaangalia tena sebule ile ile, mlango ule ule. Jumatano niliapa sitaangalia, nikaangalia. Kitasa cha mlango kilishuka taratibu, kikapanda. Kikakaa kidogo, kikashuka tena, polepole, kama mtu asiyependa kusumbua. Upepo haushushi kitasa. Nimefunga vitasa vingi mno maishani mwangu kudanganyika na hilo. Na hakuondoka pale mpaka saa kumi na mbili simu ilipojizima.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu mchana, na nilipoona maandishi yale kwenye kioo nililia kazini mbele za watu. Nililia kwa sababu ya mtu mzima aliyesimama nje kwenye mvua, aliyefanya kazi ghalani miaka yote ile, na mimi nina ufunguo mfukoni.

Ijumaa niliacha kazi saa tisa. Niliingia kwenye ile nyumba, nikakaa kwenye kiti cha mama juu ya shuka, roho juu, nikiitazama saa ya simu. Vikombe sikuvigusa; sikuona kama ninayo haki. Kamera ilinitazama kutoka kabatini na taa yake ya buluu. Ting.

Nilifungua mlango wote. Kijia kilikuwa na matope, geti limefungwa, nguo za jirani kwenye kamba. Hapakuwa na mtu. Nikasogea pembeni.

"Pole na kazi, Baba," nilisema. Nilikusudia kuishia hapo, lakini mdomo wangu huwa haunisikilizi. "Mama hayupo. Ni mimi niliyemfanya aondoke. Nisamehe, mimi nilitengeneza tu kamera."

Simu yangu iliita papo hapo. Alikuwa Bosi.

"Nakuona," alisema. "Nakuona kwenye kamera, dada fundi."

"Najua."

"Hapa kwangu kila siku saa kumi simu ya mama inalia. Anakwenda kusimama mlangoni, ghorofa ya tano, analia. Nimejaribu kumnyang'anya simu, hakula siku mbili." Nikasikia sauti nyingine nyuma yake, ya mtu asiyesikia vizuri, anayeongea kwa nguvu kuliko anavyodhani: "Muulize! Ameingia?"

Bosi hakuuliza. Alisubiri, na mimi nilikuwa bado nimeushika mlango.

"Mwambie ameingia," nilisema. "Na mwambie ameuliza Mama yuko wapi."