Kofia ya Sajini Sostenes

Mwaka ule Keya, jeshi la Mwingereza, walipotangaza kwamba Mwafrika naye anaweza kuwa afisa, nilikimbia maili tatu mbele ya vijana wote wa Dodoma, na mtihani wa kuandika nikawa wa kwanza. Kilichonishinda ni mstari mmoja wa fomu.

"Kabila," alisoma Meja, Mzungu aliyetumwa kutuchagua. "Umeandika 'mtu wa mjini'. Hilo si kabila."

"Nimezaliwa hapa, Bwana Meja. Baba yangu pia."

Akanionyesha karatasi yake. Wagogo wawili, Mrangi mmoja, Mnyamwezi mmoja. Mstari wa mwisho, Wengineo, ulikuwa na sifuri iliyochorwa vizuri sana. Jeshi, alisema, linataka mchanganyiko wa haki. Akanipa hadi saa tisa nilete kabila.

Nyumbani nilimkuta bibi yangu, Bi Stara, anachambua mlenda.

"Babu yako Mmanyema, alikuja na msafara," alisema bila kuinua macho. "Mama yangu mimi Mgogo wa Mvumi. Mama yako Mrangi wa Busi. Chukua unalotaka, mjukuu wangu, yote yalilipiwa mahari."

Nafasi za Mrangi na Mnyamwezi zilikwisha jaa. Ya Mgogo ilibaki moja. Ile nyingine alikuwa nayo Matonya, mchunga ng'ombe aliyesoma misheni. Nikarudi uwanjani nikiwa Mgogo kamili.

Meja hakuniamini. Akamwita Sajini Sostenes, Mnyamwezi mwenye kifua kama pipa, ahakikishe. Sajini akatusimamisha mimi na Matonya bega kwa bega, akatuzunguka polepole kama mtu anayeuziwa mbuzi wagonjwa.

"Wagogo," alisema. "Watu wa kuoga mara mbili, siku ya kuzaliwa na siku ya kuzikwa. Na mara zote mbili wanaogeshwa."

Matonya akacheka hadi akainama, akamnyakua Sajini kofia, akaivaa. "Asante, mpagazi. Babu yako alibeba pembe za ndovu za watu hadi kichwa kikawa bapa, ndiyo maana kofia haikukai."

Mimi damu ilinipanda.

"Sajini," nilisema, "utaniomba radhi. Mama wa bibi yangu alikuwa Mgogo, na alioga."

Sajini akanitazama kwa huzuni. Matonya akafumba macho.

Meja alikuwa amekwisha shika kalamu. "Huyu mwizi wa kofia, nje," alisema, akalifuta jina la Matonya. "Huyu anajua heshima ni nini. Mgogo safi. Aingie."

Basi, nilichokitaka nilikuwa nacho. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Matonya alisimama pale, kofia imemzama hadi kwenye nyusi.

Lakini kunyamaza sijui. Na sikutaka uafisa wa kupewa kwa sababu Mzungu hakuelewa alichokiona.

"Umekosea, Bwana Meja," nilisema. "Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Mmoja anamtukana mwenzake, anamchukulia kitu chake, na mwenzake haruhusiwi kukasirika. Matonya amefanya anachofanya Mgogo. Aliyekasirika ndiye si Mgogo."

"Kweli, Sajini?"

"Kweli, afande. Nikifa, huyu atakuja kunizika, na atanitukana mpaka kaburini."

Meja akakaa juu ya sanduku la risasi. Akalirudisha jina la Matonya, akalifuta langu.

"Mambo kama haya yako mangapi?" aliuliza.

"Mengi," nilisema. "Sisi wa mjini tunaishi nayo yote. Bila hayo tungekuwa tumekwisha chinjana."

Akaitazama sana ile sifuri yake nzuri. Mwisho akaikata, akaandika moja.

"Kabila huna," Sajini aliniambia tukitoka, "lakini hasira unazo za kabila zima."

Nikamkumbusha kwamba bado hajaniomba radhi. Akajifanya hasikii, akamgeukia Matonya kudai kofia. Matonya akataka jogoo kwanza.

Jumatatu lori la Nairobi lilikuja. Karani alituita kwa makabila, mmoja mmoja, hadi akafika mstari wa mwisho.

"Wengineo!"

Nikaitika peke yangu kwa sauti ya watu mia, nikapanda. Sajini Sostenes alitupigia saluti kando ya barabara, kichwa wazi.