Beseni la Simu na Uso wa Salha

Usiku wa jana niliota ndoto ambayo mjinga wake nilikuwa mimi. Nasema mapema, msije mkahangaika kumtafuta.

Nipo Pangani, kwenye shughuli ya kina mama ya kumpamba Salha. Kesho anaolewa. Ukumbini hakuna mwanamume hata wa dawa, na simu zote zimekusanywa mlangoni kwenye beseni, maana uso wa bibi harusi aliyepambwa hautoki nje kabla mumewe hajauona. Kamera iliyoruhusiwa ni yangu tu. Beseni analilinda Somo Mwanamkuu, kungwi wa Salha, na upawa mkononi.

Salha ananinong'oneza. "Da Hidaya, nitumie moja tu, nimrushie mama mdogo Muscat."

"Ikivuja, wewe aibu, na mimi kazi basi."

"Si utaiwekea ulinzi?"

Ulinzi naujua. Nimeshaibiwa picha mpaka nikakutana na harusi niliyoipiga mwenyewe imebandikwa kwenye bango la saluni ya watu.

Kanuni ya kwanza: andika jina lako juu ya picha. Nachukua hina, namwandikia Salha usoni, sikio hadi sikio: HIDAYA MPIGA PICHA. Ametulia kama anapakwa poda.

Kanuni ya pili: usitume picha kubwa, ipunguze. Nampunguza. Anapungua, anapungua, mpaka anasimama kiganjani mwangu na mikufu yake yote.

"Hapo umependeza," namwambia.

"Na kiti changu je?"

Kanuni ya tatu: tuma kwa mtu mmoja tu. Namsogeza kwenye beseni. Simu yake inachomoza kichwa, inamtazama, inafumba jicho, inafumbua. Pale pale anasimama Salha wa pili, mzima mzima.

"Umefanya nini?" naifokea.

"Sijafanya kitu," simu inajibu. "Nimemwangalia tu. Kuangalia nako siku hizi kosa?"

Simu nyingine nazo zinaamka. Beseni zima linapepesa macho. Kila jicho Salha, kila jicho Salha, mpaka ukumbi unakosa pa kukanyaga. Somo Mwanamkuu anawachapa kwa upawa, wanacheka.

Jina langu linapita mbele yangu, limechoka, hina yote imekwisha.

"Nilikuweka usoni kwa mtu. Unakwenda wapi?"

"Wamenisugua kwa liwa na ndimu kama mwari," linasema. "Nimetakata mpaka sionekani."

Nageuka nilibembeleze, kumbe ukumbi si ukumbi tena. Ni baraza ya kwao bwana harusi. Wanaume wanakunywa kahawa. Bwana harusi mwenyewe, Shaali, ameinama anapuliza kikombe, na kina Salha wanamwendea, mikufu inalia.

"Rudini!" napiga kelele. "Nani kawatuma?"

"Kila mtu kamtumia mtu mmoja tu," wanajibu kwa heshima.

Salha wangu, kimo cha kidole, ananipanda begani. Machozi yanamlenga. "Da Hidaya, akiinua kichwa nimekwisha. Nilinde."

Imebaki kanuni moja, nywila. Naukimbilia mlango wa baraza, naufunga.

"Neno la siri?" mlango unauliza.

Naunong'oneza.

"Sauti, mama. Masikio yangu ya mbao haya."

"SALHA NA SHAALI!"

"Ahsante," mlango unasema, na unawafungulia wote.

Shaali anaanza kuinua kichwa.

Salha ananitazama kama mtu anavyotazama mwiko uliovunjika. "Ulinzi wote huo, na mwenye uso hujamuuliza." Anaruka chini, anatua katikati ya mkeka, na anageuka. Kisogo tu, na kikuba cha asumini kwenye nywele.

Na wale wengine? Wale ni nakala. Watafanya nini tena? Wanageuka wote.

Shaali anaona visogo mpaka barabarani. "Hii foleni ya nini?" anauliza, na anarudi kwenye kahawa yake.

Nikaamka. Simu ilikuwa inaita.

Sasa niseme ukweli: ile shughuli ilifanyika jana mchana, na picha nilimtumia Salha kweli. Ndiye aliyekuwa akipiga.

"Da Hidaya, ile picha yako! Mama mdogo karusha kwa mashangazi, mashangazi wamerusha, imefika mpaka kwa kina Shaali!"

Nikaruka kitandani. "Wameuona uso?"

"Uso gani? Wote wanauliza mbona ni kisogo."

Nikaifungua. Kisogo. Kikuba kimekaa upande.

"Salha, mimi nilipiga uso," nikasema. "Naapa. Ulikuwa unanitazama. Kisogo sikukipiga kabisa! Hebu nieleze, uso wangu umekwenda wapi?"

Nikasikia simu inanyang'anywa. Alikuwa Somo Mwanamkuu.

"Uso wako? Uso uko hapa kwa mwenyewe, unakunywa chai. Wewe ulitaka uwe wapi?"